Profesa Abdus Salam: Mwanachuoni Aliyewafungulia Mlango Wanafunzi wa Nchi Maskini

Wavuvi wa usipa wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay na kuendelea kusini mpaka karibu na mpaka wa Msumbiji, huzihesabu siku za mwezi kwa uangalifu mkubwa. Usiku wa mbalamwezi taa zao hazifai kitu; usiku wa giza ndipo samaki huufuata mwanga. Juu ya milima, Wamatengo nao huyajua majira yao ya kulima na ya kuvuna. Mwislamu popote alipo hutoka nje jioni kuutafuta mwezi mwandamo. Basi elimu ya mbingu si jambo geni kwa watu wa Mbinga na wa pwani ya Nyasa, wala si anasa ya mataifa tajiri.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na ukanda mwembamba wa kivuli ukapita kusini mwa Tanzania. Huko Rujewa, wilayani Mbarali, watu wengi walikusanyika, wakiwemo wanafunzi na wataalamu, wakaona mwezi umesimama katikati ya jua na kuacha pete ya nuru pande zote. Mbinga ilikuwa nje ya ukanda ule, kwa hiyo pete haikuonekana huko; lakini sehemu kubwa ya jua ilifichwa. Bila shaka watoto wengi siku ile waliwauliza walimu wao maswali ambayo vitabu vya shule havikuwa na majibu yake.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye shida. Mtoto aliyezaliwa mbali na miji mikubwa akipendezwa na nyota, aende wapi? Na mwalimu wake, aliye peke yake shuleni, asiye na mwenzake wa kuzungumza naye juu ya fizikia, aipate wapi elimu mpya? Kwa muda mrefu jibu la dunia lilikuwa moja tu: aihame nchi yake. Leo twapenda kuwaelezea wasomaji wetu maisha ya mtu aliyelikataa jibu hilo, kwa kuwa lilimchoma yeye mwenyewe. Mtu huyo ni Profesa Abdus Salam.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Abdus Salam alizaliwa tarehe 29 Januari 1926 katika jimbo la Punjab, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Bara Hindi chini ya utawala wa Waingereza. Alilelewa katika mji mdogo wa Jhang, ambao leo umo katika nchi ya Pakistan. Baba yake, Chaudhry Muhammad Hussain, alikuwa mtumishi wa idara ya elimu, mtu wa mshahara mdogo na wa sala nyingi. Yasimuliwa katika ukoo wake kwamba kabla mtoto huyu hajazaliwa, baba yake alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu ampe mwana, naye akaonyeshwa katika njozi mtoto akikabidhiwa kwake, na akaambiwa kwamba jina lake ni Abdus Salam, yaani mtumwa wa Mungu Aliye Amani.

Nyumba yao haikuwa na utajiri, lakini ilikuwa na ada ya kusoma. Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 14, Abdus Salam alifanya mtihani wa kumaliza shule na kupata alama nyingi kuliko zote zilizowahi kupatikana katika Chuo Kikuu cha Punjab kwa mtihani huo. Siku aliporudi mjini kwa baiskeli yake, wenye maduka walisimama milangoni kumpa heshima. Jambo hili lina fundisho: mji maskini uliona fahari juu ya mtoto mwenye elimu, nao haukumwonea kijicho.

Akaendelea na masomo katika Government College ya Lahore, na mwaka 1946 akapata shahada ya pili ya hisabati. Kisha ukaja msaada usiotazamiwa. Wakati wa vita vya pili vya dunia, waziri mkuu wa Punjab alikuwa amekusanya fedha za kusaidia vita. Vita vilipokwisha, fedha hizo zikabaki, na ikaamuliwa sehemu yake itumike kuwasomesha ng'ambo watoto wa wakulima wadogo. Vijana watano walichaguliwa. Wenzake wanne waliambiwa wangoje hadi mwaka uliofuata. Lakini mwaka uliofuata nchi iligawanyika na mpango ule ukavunjika. Ni Abdus Salam peke yake aliyesafiri. Laiti barua yake ya kukubaliwa ingechelewa kidogo tu, pengine dunia isingalimjua.

Alishuka bandarini Liverpool mwezi wa Oktoba 1946, mwembamba, asiye na nguo za baridi. Hapo bandarini alikuwapo Sir Muhammad Zafrulla Khan, mwanajumuiya mwenzake, aliyekuja baadaye kuwa Rais wa Mahakama ya Kimataifa. Alikuwa amekuja kumpokea jamaa yake. Alipomwona kijana huyu akitetemeka, akamvika koti lake mwenyewe na kumsaidia kuchukua mizigo yake. Wakubwa wa kweli ndivyo walivyo. Hawaoni haya kubeba sanduku la mwanafunzi.

Chuo alichoingia ni St John's College, Cambridge. Baada ya kufaulu hisabati kwa daraja la kwanza, alimwendea Fred Hoyle, mtaalamu mashuhuri wa elimu ya nyota aliyekuwa akifundisha hapo, kutaka shauri. Hoyle alimshauri asitosheke na hisabati, bali aingie mwaka mmoja katika maabara ya Cavendish asome fizikia ya majaribio, ingawa njia hiyo ilikuwa ngumu, ili asije akawaonea haya watu wa majaribio maisha yake yote. Abdus Salam hakuwa na mkono mwepesi wa maabara, lakini alilifuata shauri lile, na mwaka 1949 akapata daraja la kwanza katika fizikia pia. Baada yake alifanya utafiti juu ya tabia za chembe ndogo kabisa za maada, na jina lake likajulikana Ulaya na Marekani angali kijana wa miaka 25.

UPWEKE WA LAHORE

Mtu mwenye sifa kama hizo angeweza kubaki Ulaya. Lakini Abdus Salam alitaka kuitumikia nchi yake mpya, Pakistan, na mwaka 1951 akarudi Lahore kuwa mwalimu wa hisabati. Huko alikuta mambo ambayo mwalimu yeyote wa sayansi katika nchi maskini atayatambua. Maktaba haikuwa na majarida mapya. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kujadiliana naye kazi yake. Mkuu wa chuo alimwambia asahau utafiti, na badala yake achague mojawapo ya kazi tatu za ziada: kutunza hesabu za chuo, kusimamia bweni la wanafunzi, au kuongoza timu ya kandanda. Abdus Salam alichagua kandanda.

Wakati mmoja mwanafizikia mkubwa Wolfgang Pauli alifika Bombay, akamwalika aende wakaonane. Alikwenda kwa furaha, kama mtu mwenye kiu aliyesikia maji. Aliporudi alikuta amefunguliwa mashtaka ya kuondoka kazini bila ruhusa. Kosa lake lilikuwa kwamba alikwenda kuzungumza na mtu anayeijua kazi yake.

Msomaji wa Mbinga ataielewa hali hii kwa mfano wa nyumbani. Mkulima wa Kimatengo anajua kwamba kwenye mteremko mkali, shamba lisilo na ngoro halidumu. Hufyeka majani, huyapanga kwa mistari inayokatana, huyafukia kwa udongo, na kuacha mashimo katikati. Mvua ikinyesha, maji hutulia katika mashimo yale na udongo haukimbii, na majani yakioza huurutubisha. Akili ya mwanachuoni aliye peke yake ni kama mteremko usio na ngoro. Kila mwaka mvua huchukua sehemu yake, hata mwisho yabaki mawe. Si kwamba mtu huyo ni mvivu. Amekosa kitu cha kuizuia elimu yake isiteremke.

Mwaka 1953 fujo kubwa dhidi ya Waahmadiyya zilizuka Lahore, watu wakauawa na nyumba zikachomwa, hata ikabidi jeshi lishike mji. Basi kwa upande mmoja alikuwa akiipoteza kazi yake, na kwa upande wa pili maisha yake hayakuwa salama. Mwaka 1954 alikubali kurudi Cambridge kufundisha. Mwaka 1957 akafanywa profesa katika Imperial College, London, na mwaka 1959, akiwa na miaka 33, akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, baraza kuu la wanasayansi wa Uingereza.

Watu wengi wangeona huo ndio mwisho mwema wa hadithi. Yeye hakuuona hivyo. Aliona kuwa amelazimishwa kuchagua baina ya nchi yake na elimu yake, nao ni uchaguzi ambao mtu hapaswi kulazimishwa kuufanya. Akaazimia kwamba vijana watakaomfuata wasikutwe na jambo hilo.

KITUO CHA TRIESTE

Mwaka 1960, akiwa katika ujumbe wa Pakistan kwenye mkutano wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mjini Vienna, Abdus Salam alileta pendekezo la kuanzisha kituo cha kimataifa cha fizikia, ambamo wanasayansi wa nchi maskini wataweza kuja kwa muda, wakutane na wakubwa wa elimu hiyo, kisha warudi kwao. Baadhi ya wajumbe wa nchi tajiri walilipinga, kwa kudhani kwamba watu maskini wahitaji mambo ya mashamba na viwanda tu. Abdus Salam hakuchoka. Aliandika, akasafiri, akabisha hodi milango mingi. Serikali ya Italia, kwa juhudi za Profesa Paolo Budinich, ikatoa mahali katika mji wa Trieste, na mwezi wa Oktoba 1964 Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia kikafunguliwa katika jengo la kuazima katikati ya mji. Mwaka 1968 kikahamia majengo yake yenyewe huko Miramare, kando ya bahari. Abdus Salam alikuwa mkurugenzi wake tangu siku ya kwanza hadi mwaka 1993.

Utaratibu aliouweka ulikuwa rahisi, na faida yake kubwa. Mwanasayansi wa nchi maskini aliyechaguliwa kuwa mshiriki aliruhusiwa kuja Trieste mara kadhaa katika muda wa miaka michache, kila mara kwa majuma kadhaa au miezi michache, akilipiwa nauli na matumizi. Alisoma majarida mapya, akahudhuria semina, akaonyesha kazi yake, kisha akarudi kwenye chuo chake kuwafundisha wanafunzi wake. Pamoja na hao, Kituo kiliandaa shule fupi na warsha za majuma kadhaa juu ya somo moja, wakaitwa pamoja wanafunzi, walimu na watafiti. Asubuhi palikuwa na mafundisho ya ubaoni, mchana mazoezi, jioni mazungumzo. Mwanafunzi kutoka Afrika aliweza kuketi meza moja ya chakula na mtu ambaye hapo kabla alimjua kwa jina la kitabuni tu.

Kwa mfano, mwezi wa Juni 1968 Kituo kilifanya mkutano mkubwa juu ya fizikia yote ya zama hizi. Walihudhuria Heisenberg na Dirac, ambao ni miongoni mwa waasisi wa fizikia mpya. Alikuwapo pia Hans Bethe, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kueleza jinsi nyota zinavyotoa nuru yake. Nyakati za jioni wazee hao waliwaeleza vijana habari za maisha yao katika elimu. Tena mwaka 1975, Abdus Salam na mwenzake Remo Ruffini wa Italia waliitisha Trieste mkutano wa kwanza wa Marcel Grossmann, juu ya nguvu ya mvutano, nyota zilizoporomoka na maumbile ya ulimwengu kwa jumla. Mikutano hiyo imeendelea tangu hapo katika nchi mbalimbali, na wataalamu wa elimu ya nyota huihesabu miongoni mwa mikutano yao mikubwa.

JUA LETU NA NGUVU HAFIFU

Huenda msomaji akauliza, mtu wa chembe ndogo ana uhusiano gani na nyota kubwa? Uhusiano upo, nao ni wa karibu sana. Wanasayansi wametambua nguvu nne zinazoendesha maumbile yote. Ya kwanza ni mvutano, unaoangusha embe na kuuzungusha mwezi. Ya pili ni ya umeme na sumaku. Ya tatu ni nguvu kali, inayofunga kiini cha atomu. Ya nne ni nguvu hafifu, inayoweza kuigeuza chembe ya aina moja kuwa ya aina nyingine.

Nguvu hii hafifu ndiyo inayosimamia moto wa jua. Katikati ya jua chembe za haidrojeni ziitwazo protoni hugongana bila kukoma. Ili mbili ziungane, yapasa moja igeuke kuwa nyutroni, na kazi hiyo hufanywa na nguvu hafifu. Kwa kuwa ni hafifu mno, jambo hilo hutokea mara chache sana. Kwa sababu hiyo jua hutumia kuni zake kwa uchache, na limewaka miaka ipatayo bilioni 4.6 bila kuzimaliza. Kama hatua hiyo ingekuwa nyepesi, jua lingekwisha kabla ya kiumbe chochote kuota juu ya ardhi. Katika kazi hiyo jua hutoa pia chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino. Katika kila sekunde moja, bilioni 60 hivi hupita katika eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba, nasi hatuhisi chochote. Subhanallah!

Mwaka 1956 Abdus Salam alifikiria jambo jipya juu ya nyutrino, kwamba hazitofautishi kulia na kushoto kwa usawa kama wataalamu walivyodhani. Alipeleka habari kwa Pauli, naye Pauli akamshauri atafute jambo bora zaidi la kufikiria. Kijana akasita kuchapisha. Mwaka uliofuata wanafizikia wawili wa Kichina, Lee na Yang, walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya namna hiyo. Abdus Salam hakukata tamaa, bali aliendelea kulifuata swali lile lile.

Yeye aliamini kwamba Muumba ni Mmoja, na kwa hiyo hakuona ajabu kwamba chini ya wingi wa nguvu za maumbile kuwe na umoja. Katika miaka ya 1967 na 1968 alieleza nadharia inayoonyesha kwamba nguvu ya umeme na sumaku na ile nguvu hafifu ni matawi mawili ya nguvu moja. Steven Weinberg wa Marekani aliifikia nadharia hiyo hiyo mwaka 1967 bila wao kushauriana, na Sheldon Glashow alikuwa ametangulia kuweka msingi wake mwaka 1961. Mwaka 1973 majaribio ya maabara ya CERN, karibu na Geneva, yalionyesha dalili ya kwanza iliyotabiriwa na nadharia hiyo. Mwaka 1979 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel, na mwaka 1983 chembe zenyewe zilizotabiriwa zikapatikana huko huko CERN.

Siku ya kupokea tuzo, tarehe 10 Desemba 1979, Abdus Salam alifika mbele ya Mfalme wa Sweden amevaa kanzu ya Kipunjabi, kilemba, na viatu vilivyopinda ncha. Alikuwa Mwislamu wa kwanza kuipata tuzo hiyo katika sayansi. Katika karamu ya usiku alisoma aya za Sura Al-Mulk, zinazomwita mtu atazame mbingu na kurudia tena kutazama, aone kama atapata kasoro yoyote. Sehemu yake ya fedha za tuzo aliitoa kwa ajili ya kuwasaidia wanafizikia vijana wa nchi zinazoendelea.

Miaka michache baadaye mbingu zenyewe zilitoa ushahidi. Mwezi wa Februari 1987 nyota moja ya kusini ililipuka, na mwangaza wake ukaonekana kwa macho matupu hata katika nchi zilizo kusini ya Ikweta kama yetu. Katika usiku usio na mawingu, mtu aliye Mbamba Bay angeweza kuiona, akitazama upande wa kusini juu ya maji. Mitambo iliyofukiwa ardhini Japani na Marekani ilizipokea nyutrino zake chache, saa kadhaa kabla nuru haijaonekana. Elimu ya chembe ndogo kabisa na elimu ya nyota zikawa zimekutana.

MTIHANI WA IMANI

Wala asidhani mtu kwamba maisha yake yalikuwa ya sifa tupu. Tangu mwaka 1961 alikuwa mshauri mkuu wa sayansi wa Rais wa Pakistan, na alisaidia kuanzisha shughuli za anga na utafiti wa juu katika nchi hiyo. Mwezi wa Septemba 1974 Bunge la Pakistan lilibadili katiba na kutangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Abdus Salam akajiuzulu ushauri wake. Tangu hapo milango mingi ya nchi yake ilifungwa mbele yake.

Hata hivyo hakuukana uraia wake. Nchi nyingine zingempokea kwa furaha, lakini alibaki Mpakistani mpaka kufa kwake. Wala hakuipunguza ibada yake ili apendeze kwa wakubwa wa dunia. Nyumbani kwake London alipenda kufanya kazi huku akisikiliza Kurani Tukufu ikisomwa. Aliwakumbusha Waislamu mara nyingi kwamba Kitabu chao kinawahimiza kutafakari maumbile, na kwamba wahenga wao, kama Al-Biruni na Ibn al-Haytham, walikuwa walimu wa dunia. Aliwauliza kwa uchungu kwa nini wamewaachia wengine kazi hiyo.

Mwaka 1983 alianzisha Trieste chuo cha wanasayansi wa Ulimwengu wa Tatu, ambacho kilifunguliwa rasmi mwaka 1985 na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Katika mkutano wa ufunguzi huo wanasayansi wa Kiafrika walikubaliana kuwa na chuo chao wenyewe. Ndivyo kilivyozaliwa Chuo cha Sayansi cha Afrika, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, na makao yake yakawekwa Nairobi. Tazama jinsi mbegu iliyopandwa Italia ilivyoota Afrika Mashariki!

Katika miaka ya mwisho alipatwa na ugonjwa wa mishipa uliomnyang'anya kwanza mwendo wake na kisha usemi wake. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akiwa na miaka 70. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mwili wake ulipelekwa Rabwah, Pakistan, akazikwa karibu na wazazi wake. Juu ya jiwe la kaburi yaliandikwa maneno ya kumtaja kuwa Mwislamu wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya sayansi. Kisha neno Mwislamu likafutwa kwa amri ya wakubwa wa serikali. Jiwe limebaki na sentensi isiyo na maana. Lakini mwaka 1997 Kituo cha Trieste kilipewa jina lake, na jina hilo hakuna aliyelifuta.

FUNDISHO KWETU

Yatupasa kujiuliza, maisha haya yatufaa nini sisi? Kwanza, twajifunza kwamba upweke ni adui wa elimu kuliko umaskini. Abdus Salam alipokuwa Lahore hakupungukiwa akili wala bidii, alipungukiwa wenzake. Dawa aliyoitafuta haikuwa mashine za gharama, bali mahali pa kukutania, ubao, chokaa, maktaba na nauli ya msafiri.

Pili, mlango alioufungua haujafungwa. Maelfu kwa maelfu ya wanasayansi wamepita Trieste tangu mwaka 1964, na Waafrika Mashariki wamo miongoni mwao. Isitoshe, tangu mwaka 2018 ipo Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa misingi ya sayansi, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Kituo kile kile. Humo hufundishwa shahada za juu za fizikia na kufanywa shule fupi na warsha. Kijana wa Mbinga aliyefaulu hisabati na fizikia hana tena sababu ya kudhani kwamba elimu hiyo iko ng'ambo ya bahari tu.

Tatu, si lazima kungoja Kigali wala Trieste. Walimu wa fizikia na hisabati wa shule za Mbinga, Liuli na Mbamba Bay wakikutana mara moja kwa muhula, kila mmoja akaleta swali lililomshinda na jambo jipya alilolisoma, hiyo tayari ni semina. Wanafunzi wakiandika kila jioni kwa mwezi mzima mahali mwezi ulipo, umbo lake, na saa ya kuonekana kwake, kisha wakayalinganisha madaftari yao, huo tayari ni utafiti. Na wazee wavuvi wakialikwa kueleza jinsi wanavyozijua siku za giza na pepo za ziwa, watoto watatambua kwamba elimu ya mbingu ilikuwamo nyumbani mwao kabla haijaandikwa vitabuni. Mbingu za pwani ya Nyasa bado ni nyeusi na safi, hazijafifishwa na taa za miji. Wakazi wa Ulaya husafiri mbali wakizitafuta mbingu za namna hiyo.

Nasi tulio wazazi tuna wajibu wetu. Baba yake Abdus Salam hakuwa na mali ya kumpa mwanawe. Alimpa sala, nidhamu na moyo wa kupenda kusoma. Watu wa Jhang hawakuwa na chuo kikuu; walisimama tu milangoni kumheshimu mtoto aliyefaulu. Tukiwatendea hivyo watoto wetu, wa kike kwa wa kiume, hatujui ni yupi kati yao atakayekuja kuwafungulia wengine milango.

Mwenyezi Mungu amrehemu Profesa Abdus Salam, akubali utumishi wake, na atujalie kuitafuta elimu kwa unyenyekevu na kuitoa kwa ukarimu. Amin.